Kabla ya kuulizia dawa, mjue kwanza mdudu

Kila mvua za kwanza zinaponyesha, swali moja husikika katika masoko yetu ya mpakani: dawa ya wadudu ni bei gani? Muuzaji hujibu kwa kutaja bei. Ni nadra kumsikia akiuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia, yaani wadudu gani, na wameingia kwenye zao gani. Mazungumzo huishia hapo. Mteja huondoka na chupa ambayo jana ilikuwa ya soda, ndani yake mna kimiminika cheupe kama maziwa, na maelezo aliyopewa ni kwamba achanganye kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji.

Kwa mtazamo wangu, biashara ya namna hiyo inatugharimu kuliko mdudu mwenyewe. Na wanaoumia zaidi ni makundi mawili ya wasomaji wa ukurasa huu. Kundi la kwanza ni ndugu zetu waliorejea nchini, wale waliotoka Tanzania kwa maelfu tangu mwaka 2002, na wale waliokimbia mwaka 2015 wakaanza kurudi kwa mpango rasmi kuanzia Septemba 2017. Kundi la pili ni wachuuzi wa mpakani, wengi wao akina mama, wanaovuka Kobero au Mugina na tenga la mboga wakienda, na mzigo mdogo wa bidhaa za dukani wakirudi.

Hebu tuanze na aliyerejea. Mtu anayerudi kilimani kwao baada ya miaka mingi hapati chakula shambani siku ya kwanza. Muhogo unataka karibu mwaka mzima. Mahindi yanataka miezi mitatu, minne au zaidi kulingana na mbegu na urefu wa kilima. Kinachotoka mapema ni mboga za bustani. Lengalenga huvunwa baada ya wiki tatu au nne tu. Majani ya maboga, mnavu, nyanya chungu na bilingani hufuata. Kwa hiyo bustani ile ndogo nyuma ya nyumba, ambayo wengine wanaidharau, ndiyo inayolisha watoto wakati familia inasubiri mavuno makubwa, na ziada yake ndiyo inayonunua chumvi na sabuni. Mdudu akiimaliza, familia imepoteza kitoweo na faranga chache zilizokuwa zinatarajiwa.

Mdudu ninayetaka tumfahamu leo ni mbawakawa mdogo wa madoadoa anayekula majani. Wataalamu humwita Epilachna, na wako wa aina kadhaa. Kuna wanaopenda jamii ya maboga, matango na matikiti, na kuna wanaopenda mnavu, nyanya chungu, bilingani, viazi mviringo na nyanya. Lengalenga si chakula chake. Ukiona lengalenga yako imetobolewa, tafuta mkosaji mwingine, mara nyingi kiwavi.

Mdudu huyu aliyekomaa ana urefu wa milimita sita hadi nane hivi, karibu sawa na punje ya mbaazi. Mgongo wake umeinuka kama bakuli lililofunikwa. Rangi yake ni ya machungwa iliyoingia wekundu au kahawia, na juu yake kuna madoa meusi. Yule anayependa jamii ya maboga huwa na madoa 12. Ukimgusa, hujiangusha chini na kujifanya amekufa, na hutoa majimaji ya manjano kwenye miguu yake. Jike hutaga mayai ya manjano upande wa chini wa jani, yamesimama wima kwa kikundi kama mishumaa midogo iliyopangwa. Baada ya siku nne au tano mayai huanguliwa, wakatoka mabuu wa manjano hafifu wenye miiba laini yenye matawi mwili mzima. Mabuu hao hawana haraka. Hukaa chini ya jani wakila kwa wiki mbili au tatu, kisha hujibandika kwenye jani, na baada ya wiki moja hivi anatoka mdudu mpya mwenye mabawa. Kwa hiyo kutoka yai hadi mdudu kamili ni kama mwezi mmoja.

Alama wanayoiacha haifichiki. Hawang'ati jani zima kuanzia ukingoni kama afanyavyo panzi. Hukwangua nyama ya jani kutoka chini na kuacha mishipa pamoja na ngozi nyembamba ya juu, hata jani likawa kama kipande cha chandarua kikuukuu. Ukilishika juani utaona mwanga unapita. Baada ya siku chache sehemu hizo hukauka, zikawa kahawia na kupasuka. Mmea mkubwa wenye majani mengi huvumilia. Mche mchanga uliohamishwa juzi kutoka kitaluni unaweza kufa.

Hapa ndipo penye mtego. Huyu mharibifu ana ndugu wa ukoo mmoja ambaye ni rafiki mkubwa wa mkulima. Naye ni mviringo, naye ana madoadoa, naye ana rangi nyekundu au ya machungwa. Lakini yeye hali majani. Anakula vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaojazana kwenye ncha za mimea, ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Katika ukoo huo wote wa wadudu wa madoadoa, walio wengi ni wawindaji wa aina hiyo, na wanaokula majani ni wachache. Mkulima asiyejua tofauti humuua rafiki pamoja na adui, na mara nyingine humuua rafiki peke yake, kwa sababu rafiki hukaa juu ya jani penye mwanga ilhali adui amejificha chini.

Tofauti zipo na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuziona. Mgongo wa rafiki unang'aa kama uliopakwa mafuta. Mgongo wa mharibifu umefifia, kwa kuwa umefunikwa na vinyweleo vifupi sana. Buu wa rafiki ana rangi nyeusi au ya kijivu yenye mabaka ya manjano au ya machungwa, ana miguu mirefu na anakimbia huku na huku akitafuta windo. Buu wa mharibifu ni wa manjano, ana miiba, na anatambaa polepole. Mayai yao yanafanana sana, hivyo usiyahukumu kwa rangi peke yake. Angalia jirani zake. Kama yapo karibu na kundi la vidukari na jani halijakwanguliwa, yaache.

Ukiwa bado na shaka, kuna njia isiyohitaji mtaalamu wala faranga. Chukua chupa ya kioo au kopo linalopitisha mwanga, tia wadudu watano uliowakamata, weka na jani bichi lisilo na tundu la mboga ile ile ulikowatoa, kisha funga mdomo kwa kitambaa. Asubuhi litazame jani. Kama limekwanguliwa, umemshika mwizi. Kama liko zima, rudisha wadudu hao bustanini.

Sasa tumrudie yule aliyenunua chupa ya soda. Amefika nyumbani, amechanganya kifuniko kwa ndoo, amechukua tawi la majani au bomba la kuazima na kunyunyiza juu ya bustani yote. Nini kinatokea? Mayai, mabuu na wengi wa wadudu wakubwa wako chini ya majani, na dawa imetua juu. Waliokuwa juu, pamoja na wale marafiki wanaokula vidukari, wamekufa. Wiki ya pili mayai yameanguliwa na uharibifu unaendelea. Zaidi ya hapo vidukari wameongezeka kwa kuwa aliyekuwa akiwala hayupo, na kwenye nyanya chungu na bilingani utitiri mwekundu unaweza kulipuka kwa sababu hiyo hiyo. Mkulima anaona dawa "haina nguvu". Anarudi sokoni kutafuta kali zaidi, au anaongeza vifuniko vikawa viwili, vitatu.

Na tusisahau kwamba mboga ya majani haina ganda la kumenya. Mahindi yana maganda, ndizi ina ganda, hata viazi humenywa. Jani la mnavu linakwenda chunguni kama lilivyo, na kuliosha hakuondoi sumu yote, hasa ile iliyopenya ndani ya jani. Kila dawa iliyosajiliwa ina idadi ya siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, na idadi hiyo huandikwa kwenye lebo. Katika bustani ya nyumbani mama huchuma karibu kila siku. Baba amenyunyiza jana jioni, mama anachuma leo mchana, watoto wanakula leo usiku. Ikiwa chupa haina lebo, hakuna hata mmoja wao anayejua kama alipaswa kusubiri siku tatu au wiki tatu.

Kuna ndugu zetu waliokulia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako tumbaku lilikuwa zao la fedha. Walijifunza kilimo cha bidii, na ni sifa kwao. Lakini aliyezoea dawa za tumbaku asidhani kwamba zinafaa kwa mnavu eti kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Tumbaku hailiwi kama mboga. Dawa iliyoruhusiwa kwa zao moja haijaruhusiwa kwa jingine mpaka lebo iseme hivyo.

Je, tufanye nini basi? Habari njema ni kwamba kwa bustani ya nyumbani mdudu huyu anashindwa kwa mikono. Amka mapema kabla jua halijapanda, wakati wadudu bado wamelegea kwa baridi. Shika kopo lenye maji ya sabuni chini ya jani, kisha tikisa. Ile tabia yake ya kujiangusha ndiyo inayomponza, kwani anatumbukia mwenyewe. Geuza majani, ponda mayai kwa vidole, okota mabuu. Majani yaliyojaa mabuu yakate na uyafukie au uyachome. Fanya hivyo kila baada ya siku tatu, maana mayai huanguliwa baada ya siku nne au tano, na ukipitisha wiki umechelewa. Endelea kwa mwezi mmoja ili usiache kizazi kinachofuata. Hii ni kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya kabla ya kwenda shule bila kudhurika, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu bomba la sumu.

Ukikuta buu aliyekauka na kugeuka kahawia au mweusi huku bado amebandika kwenye jani, usimwondoe. Huenda ndani yake mna nyigu wadogo mno, wadogo kuliko sisimizi, ambao hutaga mayai yao ndani ya mabuu hao na kuwaua. Hao nao ni askari wako.

Pili, safisha malazi yake. Mdudu anayependa mnavu na nyanya chungu anaishi pia kwenye ndulele, ile mimea ya porini yenye miiba na matunda ya manjano. Anayependa maboga anaishi kwenye matango pori na maboga yaliyojiotea jalalani. Ondoa mimea hiyo kuzunguka bustani. Baada ya mavuno ya mwisho usiache mashina yasimame hadi msimu ujao. Yang'oe, yafukie. Wale wanaolima mabondeni katika msimu C wawe makini zaidi, kwa sababu bonde lenye mboga kiangazi kizima humpa mdudu daraja la kuvukia kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Na usirudie jamii moja ya mboga kwenye tuta lile lile. Palipokuwa na nyanya chungu panda lengalenga, vitunguu au karoti.

Tatu, zipo dawa za asili. Majivu ya kuni yaliyochekechwa na kupakwa kwenye majani asubuhi yenye umande humchukiza mdudu huyu. Yasizidi, kwani mengi huunguza majani, na mvua ikinyesha lazima yarudiwe. Kwenye ukanda wa joto kama Imbo na kando ya Ziwa Tanganyika mwarobaini unastawi vizuri. Twanga kokwa kavu gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike, kisha nyunyiza jioni ukielekeza chini ya majani. Tusidanganyane hapa. Mwarobaini hauui papo kwa papo. Humfanya mdudu apoteze hamu ya kula na mabuu washindwe kukua. Anayetaka kuona maiti asubuhi atasema haufanyi kazi, lakini siku chache baadaye majani mapya yatamjibu. Pareto nayo, ambayo maua yake hulimwa kwa wenzetu wa Rwanda, Kenya na Tanzania, hutengenezwa dawa inayoua haraka na kuvunjwa mapema na jua. Utupa nao hutumiwa na wakulima wengi wa eneo letu. Ila kumbuka kwamba utupa ndio ule ule unaotumiwa kuulia samaki. Usioshe chombo chake mtoni, ziwani wala karibu na bwawa.

Nitatoa mfano mmoja zaidi ili nieleweke kwa nini nasisitiza jina la mdudu kwanza. Kwenye maharage kuna mbawakawa mwingine, anayeng'aa, mara nyingi wa rangi ya machungwa pamoja na nyeusi. Wataalamu humwita Ootheca. Huyu hutoka ardhini mvua zinapoanza na kutoboa majani machanga ya maharage. Hutaga mayai kwenye udongo, na mabuu wake hula mizizi, ndiyo maana unaona mmea umenyauka na kuwa wa manjano bila kujua sababu. Baadaye mdudu mpya hulala humo humo udongoni hadi mvua za msimu mwingine. Kwa huyu, kugeuza majani kutafuta mayai ni kupoteza muda, kwa kuwa hayapo. Dawa yake ni kulima shamba mara baada ya kuvuna ili wale waliolala chini wafichuliwe kwa jua na kuku, na kutopanda maharage juu ya maharage. Kuchelewesha kidogo kupanda pia husaidia, kwa sababu wadudu wanaotoka na mvua za kwanza hukuta hakuna cha kula. Wadudu wawili, wote mbawakawa, wote wanatoboa majani, na tiba mbili zisizofanana hata kidogo. Muuzaji anayewapa wote chupa moja anauza kitu gani hasa?

Swali hilo nawaelekezea wafanyabiashara wetu wa mpakani, na naliuliza kwa heshima. Najua wengi wenu hamkuanzisha tabia ya kumimina dawa kwenye chupa ndogo ndogo. Mnafanya hivyo kwa sababu mteja ana faranga chache na chupa kubwa hawezi kuimudu. Lakini hebu fikirieni kinachotokea mtoto anapokunywa chupa ile akidhani ni soda, au baba anapoanguka shambani akitokwa na jasho na mate mengi, akitapika, akitetemeka, macho yakiona ukungu. Kitu cha kwanza ambacho daktari anataka kujua ni sumu gani. Ziko sumu zenye dawa maalumu ya kuzivunja nguvu, na ziko zisizo nayo. Lebo ingemjibu daktari katika dakika moja. Chupa ya soda haimjibu kitu.

Lebo pia ina mkanda wa rangi chini yake, uliowekwa kwa ajili hata ya asiyejua kusoma. Mwekundu ni hatari kubwa sana. Njano ni hatari ya wastani. Bluu ni hatari kidogo. Kijani ni ile isiyotarajiwa kuleta madhara makali ikitumiwa ilivyoelekezwa, ingawa nayo si maji ya kunywa. Mwenye mkanda mwekundu hana kazi katika bustani ya mboga ya nyumbani. Ukimimina dawa kwenye chupa nyingine, mkanda huo umeutupa jalalani.

Liko na suala la sheria. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001, uliiondoa DDT mashambani na kuiacha kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria. Mwaka 2011 iliongezwa endosulfan, ambayo zamani ilitumika sana kwenye pamba na mboga. Chupa isiyo na jina inaweza kuwa na chochote, pamoja na hizo. Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Mimea mwaka 2020, na kutokana nayo ikaundwa mamlaka inayoitwa TPHPA, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kusajili viuatilifu na kukagua wauzaji. Lakini dawa iliyosajiliwa ng'ambo haigeuki kuwa halali huku kwa kuvuka daraja tu. Kila nchi ina orodha yake.

Vilevile wapo wanaodhani kwamba tangu Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 mchuuzi mdogo hana tena cha kuulizwa. Ni kweli upo utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na ni haki yenu kuutumia. Lakini utaratibu huo unahusu ushuru na cheti cha asili ya bidhaa. Haufuti ukaguzi wa afya ya mimea. Tenga la majani ya maboga lenye mabuu ya manjano chini yake linaweza kuzuiwa, na mboga haisubiri. Mwenye kugeuza majani nyumbani kabla ya kufunga mzigo anajiokoa na hasara hiyo, na anaepuka kupeleka mdudu kwenye bustani za wateja wake.

Najua atakayesema kwamba mwandishi anaongea tu, kwamba kuokota wadudu ni kazi ya asiye na kazi. Nitamjibu hivi. Kwa mwenye nusu hekta ya nyanya za kuuza Bujumbura, mikono peke yake haitoshi, na simwambii asitumie dawa ya dukani. Namwambia anunue iliyofungwa kiwandani, yenye lebo, iliyoandikwa zao lake na mdudu wake, anyunyize jioni nyuki wakiwa wamelala, chini ya majani, amevaa nguo ndefu na amefunika pua na mdomo, na ahesabu siku kabla ya kuvuna. Aepuke pia kununua dawa ya viwavi akidhani inaua kila mdudu. Zile zitokanazo na bakteria zinazouzwa kwa ajili ya viwavi wa kabichi hazimfanyi kitu mbawakawa huyu. Lakini kwa mwenye matuta manne nyuma ya nyumba, nusu saa ya asubuhi kila siku ya tatu ni gharama ndogo kuliko chupa, na ni ndogo mno kuliko safari ya hospitali.

Wakuu wetu nao wana sehemu yao. Aliyerejea mara nyingi hupewa jembe na mbegu, na tunashukuru. Kwa nini pakiti ile ya mbegu isiambatane na karatasi moja yenye picha, upande mmoja mdudu rafiki, upande wa pili mdudu mharibifu, kwa Kirundi na Kiswahili? Wengi wa vijana waliozaliwa kambini husoma Kiswahili vizuri kuliko Kifaransa, na bado dawa nyingi madukani zimeandikwa kwa lugha ambazo wao hawazisomi. Mtaalamu wa kilimo wa eneo, yule ambaye kule Tanzania tulizoea kumwita bwana shamba, apangiwe siku ya soko mpakani, akae na meza yake, watu wamletee majani yaliyoliwa aseme ni nini. Redio zetu, ambazo zinafika hata kilima kisicho na barabara, zitoe dakika kumi kabla ya kila msimu. Wataalamu wa ISABU wanayajua haya kuliko mimi. Kinachokosekana ni kuyafikisha kwa mama mwenye tuta la mnavu.

Na wafanyabiashara msingoje serikali. Muuzaji atakayeanza kumuuliza mteja "wadudu gani, kwenye zao gani, niletee jani nilione" ndiye atakayeaminiwa, na mteja aliyeokoa bustani yake hurudi na jirani zake. Muuzaji huyo atauza pia mbegu, sabuni, kopo na bomba. Chupa ya soda aiachie wanywaji wa soda.

Kesho asubuhi, ndugu msomaji uliyerejea, kabla hujashika njia ya sokoni, ingia bustanini kwako. Geuza jani moja la mnavu au la boga. Mtazame aliyeko chini yake, kisha uamue kama kweli unahitaji kuulizia dawa.